Kupanga mahali pa kuyeyushia risasi nyumbani kwa ajili ya chubwi, ili kumimina kuwe kwepesi

MshipiWaTudor ameandika:

Assalamu alaykum nyote, na salamu kwa wasiotumia salamu hiyo pia.

Mimi ni mvuvi wa mshipi hapa Mombasa, na kwa muda sasa nimekuwa nikijitengenezea chubwi (vizito vya madini ya risasi vya kuzamishia mshipi) zangu mwenyewe na za majirani wachache tunaovua nao katika mkono wa bahari wa Tudor na nje ya mlango wa Kilindini. Zile za madukani huwa ama nyepesi mno kwa mikondo yetu, ama za umbo linaloviringika chini na kunasa katika kila jiwe. Ninazozitaka ni za gramu 60 hadi 250, zenye kichwa cha waya, na kalibu ninayo: ni ya aluminiamu, ya vipande viwili, yenye vishimo vinne.

Tatizo langu si kalibu bali ni mahali pa kazi. Ninatumia jiko la makaa lililo chini sakafuni, na juu yake sufuria ya kawaida ya jikoni ambayo haipikiwi tena. Hali hii inanilazimu kuinama muda wote, nikichota kwa upawa na kuuvusha hadi kwenye kalibu iliyo juu ya tofali upande wa pili, na mara nyingi risasi inafika ikiwa imeanza kupoa. Chubwi zinatoka na makunyanzi, nyingine hazijai upande wa waya, na makaa yanapoanza kufa moto hubadilika nikiwa katikati ya kumimina. Kazi yote hufanyika nyuma ya nyumba, chini ya kibanda cha makuti, ambako angalau kuna kivuli.

Ningependa kujenga mahali pa kudumu, pa kufanyia kazi nikiwa nimesimama, na kwa gharama ya kadiri. Je, meza iwe ya kimo gani, chungu kikae wapi na kalibu ikae wapi? Na je, kuna haja ya kununua kile chungu cha umeme chenye mdomo wa chini, ambacho Wamarekani wanaojitengenezea risasi za bunduki za kulengea shabaha hukisifu sana? Nitashukuru kwa maelezo ya mtu aliyewahi kuifanya kazi hii kwa mikono yake.

---

FundiWaMtongwe amejibu:

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Swali lako ni zuri na umelieleza vizuri, lakini kabla hatujafika kwenye meza kuna mambo mawili ambayo nakuomba uyabadilishe hata kama hutabadilisha kitu kingine chochote.

La kwanza ni sufuria. Kama ni sufuria ya kawaida ya jikoni, basi ni ya aluminiamu, na aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660 hivi na huanza kulegea mapema zaidi ya hapo. Risasi yenyewe huyeyuka kwa nyuzi 327, na kwa sababu hiyo watu hudhani kwamba tofauti hiyo inatosha. Lakini makaa yanayopigwa na upepo wa bahari yanaweza kupita nyuzi 660 bila shida, na sehemu inayoungua zaidi ni kitako, ambacho ndicho kinachobeba uzito wote. Ukumbuke kwamba kilo 9 za risasi hazifikii hata lita moja kwa ujazo, hivyo sufuria huonekana haina kitu ndani ilhali imebeba mzigo wa kuvunja mkono. Tafuta chungu cha chuma chenye kitako kinene, kilicho kipana kuliko kirefu, na vishikio vilivyochomelewa, si vya ribiti. Fundi yeyote wa kuchomelea wa jua kali atakutengenezea kutokana na kipande cha bomba nene na bamba la chuma, mradi umwambie asikate mtungi wa gesi wa zamani na asitumie bomba lililopakwa zinki.

La pili ni hayo makuti. Usiyeyushe chochote chini ya makuti, kwa sababu utakapokuja kusafisha risasi kwa nta, moto utaruka juu, na makuti makavu hayahitaji zaidi ya cheche. Unahitaji paa, hilo ni kweli, kwa kuwa mvua ya ghafla ikiingia katika chungu ni balaa. Basi weka mabati, yawe juu vya kutosha, na pande ziwe wazi ili hewa ipite.

Sasa tuje kwenye mpangilio. Siri ya kumimina kwa wepesi ni kuufupisha mwendo wa mkono. Risasi iliyo ndani ya upawa haina akiba kubwa ya joto, na kila hatua unayoivusha hewani inakupunguzia nyuzi ambazo ungezihitaji ndani ya kalibu. Kwa hiyo kalibu isikae upande wa pili wa kitu chochote. Ikae ubavuni mwa chungu, umbali usiozidi shibiri moja, na mdomo wake uwe chini kidogo ya ukingo wa chungu, ili upawa utoke, uteremke na kumimina kwa mwendo mmoja. Mimi ninaitegemeza kalibu juu ya kibao cha chuma kilichochomelewa kwenye meza, chenye kingo mbili za kuizuia isiteleze, na nimeuinamisha mgongo wa kibao hicho kidogo kunielekea ili niuone mdomo wa kila kishimo bila kuinamisha kichwa juu ya chungu.

Kimo cha meza kipime kwa mwili wako mwenyewe, wala si kwa futi za mtu mwingine. Simama wima, kunja kiwiko, na uhakikishe kwamba ukingo wa chungu kikiwa juu ya jiko uko chini ya kiwiko kwa upana wa kiganja hivi. Chungu kikiwa juu zaidi ya hapo utamimina bega likiwa limeinuliwa na mkono utatetemeka. Kikiwa chini zaidi utarudi kwenye kuinama unakokukimbia. Meza iwe ya chuma cha pembe, miguu yake ipanuliwe chini, na juu yake uweke trei ya bati nene lililokunjwa kingo zote nne. Trei hii ndiyo inayostahili fedha zaidi kuliko kitu kingine, kwa sababu risasi ikimwagika itabaki humo hadi igande, badala ya kukimbilia miguuni au kudondokea sakafu ya saruji, ambayo ikiwa na unyevu ndani huweza kupasuka na kurusha vipande. Watu wengine hujaza mchanga katika trei hiyo. Ukitaka kufanya hivyo, usichukue mchanga wa pwani kama ulivyo, kwa kuwa chumvi iliyomo hunyonya unyevu wa hewa hata baada ya kuanikwa juani. Uoshe kwa maji yasiyo ya chumvi mara kadhaa kisha uukaushe juu ya moto.

Kuhusu moto, achana na makaa na utumie gesi, ili uweze kuupandisha na kuushusha. Lakini usitumie ile meko ambayo jiko lake limefungwa juu ya mtungi wenyewe, hata ukiona jirani anapikia pilau la harusi juu yake. Kuweka kilo kadhaa za madini yaliyoyeyuka juu ya mtungi wa gesi ni jambo ambalo siwezi kulinyamazia. Chukua jiko la chuma linalojitegemea, lenye mpira mrefu, mtungi ukae mbali upande upepo unakotoka, na jiko lizungushiwe kipande cha bati ili upepo wa kusi usilipulize.

Ukishapata moto unaotulia, makunyanzi yatakwisha kwa sehemu kubwa, ingawa si yote, kwa kuwa yana chanzo kingine ambacho ni kalibu baridi. Kabla ya kuanza, iweke kalibu juu ya ukingo wa jiko ipate moto pamoja na chungu, na uchotapo mara ya kwanza uchukulie kwamba chubwi hizo ni za kupashia kalibu tu na zitarudi chunguni. Fuata ishara: sura yenye makunyanzi na kingo za mviringo ina maana kwamba kalibu au risasi imepoa, sura yenye chembechembe nyeupe kama chumvi ina maana kwamba joto limezidi, nawe utulie kidogo kabla ya kumimina tena. Ukiona utando mwembamba wa risasi umetoka kwenye maungio, basi vipande viwili havikubanana, na mara nyingi ni punje ya risasi iliyoganda katikati yao. Kwa chubwi za risasi tupu mimi hufanya kazi kati ya nyuzi 370 na 400, na kipimajoto chenye mshale cha kutumbukiza ni kitu ambacho ningekinunua kabla ya kufikiria chungu cha umeme.

Upawa uuache ndani ya chungu muda wote ili usiwe wa baridi. Chota kutoka chini ya utando wa kijivu unaoelea juu, mimina mkondo mmoja usiokatika, na kishimo kikijaa usiondoe upawa papo hapo: endelea kuulisha mdomo wa kalibu kidogo, kwa sababu risasi hujikusanya inapoganda, na isipokuwa na ziada ya kuvuta itaacha shimo, na shimo hilo hutokea mahali unapolalamikia, yaani upande wa waya. Kisha tazama ile risasi iliyobaki mdomoni. Itang'aa, halafu ghafla mng'ao utafifia na kuwa kijivu; hesabu pumzi mbili tatu baada ya hapo ndipo ufungue.

Waya nao uwe mkavu na usio na mafuta. Waya wa shaba au wa chuma kisichoshika kutu unafaa. Waya wa zinki usiutumie, kwa kuwa chubwi zilizoharibika zikirudi chunguni zitakuletea zinki, na hiyo ni habari nyingine ndefu.

---

MamaWaMikindani amejibu:

Wanangu, nimesoma maelezo ya fundi nami nimeyapenda, lakini naomba niongeze jambo ambalo kwetu sisi wa Mombasa si la kusimuliwa. Owino Uhuru iko hapa kwetu. Kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri za magari kandokando ya makazi ya watu kiliwaachia watoto madini ya risasi katika damu, na ilichukua miaka mingi ya kesi, ikiongozwa na wakazi pamoja na Phyllis Omido, hadi mahakama ya mazingira hapa Mombasa ilipoamua mwaka 2020 kwamba walipwe shilingi bilioni 1.3, uamuzi ambao Mahakama ya Juu iliurejesha mwezi Desemba 2024. Najua kwamba mvuvi anayemimina chubwi si kiwanda. Hata hivyo madini ni yale yale, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kile kile alichokimeza.

Watu huuogopa moshi, na wanafanya vyema, lakini katika joto alilolitaja fundi mvuke wa risasi ni mdogo. Adui mkubwa zaidi ni ule unga wa kijivu unaokwanguliwa juu ya chungu, kwa kuwa ni mwepesi, huruka, na hushika katika nguo, kucha na ndevu. Kwa hiyo, mwanangu wa Tudor, tenga shati na suruali za kazi hii tu, zivue kabla hujaingia ndani, zisifuliwe pamoja na kanga na nguo za watoto, na viatu vibaki nje. Nawa kwa sabuni hadi viwikoni kabla ya kugusa chai au sigara. Usifagie mahali pale kwa ufagio mkavu hata mara moja. Vyombo vyote vikishapoa kabisa, pangusa kwa kitambaa kilicholowa. Vaa barakoa yenye vichujio vya vumbi, kwa kuwa kile kitambaa cha bluu cha hospitali hakizuii kitu hapa, pamoja na miwani ya kinga, glavu za ngozi, suruali ndefu iliyofunika viatu, na si kikoi na ndara kama niwaonavyo vijana ufukweni.

Mama mjamzito asikaribie, kwa sababu risasi hukaa mifupani na hupita kwa mtoto aliye tumboni. Na kama nyumba yako ina ua wa pamoja ambapo watoto wa majirani hucheza, basi ningekusihi utafute mahali pengine kabisa, hata kama meza ni nzuri namna gani.

---

MshipiWaTudor ameandika:

Ahsante sana, fundi, na shikamoo mama. Ua ni wetu peke yetu, nao watoto huwapo shule siku ninazofanya kazi, lakini nimeelewa kwamba unga unabaki hata baada ya moto kuzimwa, kwa hiyo nitauzungushia upande ule ukuta wa mabati wenye mlango wa kufungwa.

Ninabakiwa na maswali mawili. Wapiga mbizi huniletea chubwi kuukuu walizoziokota miambani, nyingi zikiwa na chaza na chumvi. Nazo fundi wa magurudumu hunipa vile vyuma vidogo vya kusawazishia matairi. Je, vyote viwili vinafaa kuingia katika chungu hicho kipya? La pili ni lile la chungu cha umeme, ambalo halijajibiwa.

---

NahodhaMjiWaKale amejibu:

Ndugu wa Tudor, naomba nianze na hizo chubwi za miambani, kwa maana hapo ndipo mtu anapoweza kupoteza macho. Maji yakinaswa chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa kufumba na kufumbua, na mvuke huo huchukua nafasi ya zaidi ya mara 1,600 ya maji yenyewe, hivyo chungu chote huweza kurushwa hewani. Tone la jasho likianguka juu ya risasi hutatarika na kuondoka. La kuogopwa ni tone linalozamishwa. Chubwi iliyokaa baharini ina nyufa, na ndani ya nyufa mna maji ambayo hayatoki kwa kuanikwa juani siku nzima, hasa kwa unyevu wa hewa yetu hii.

Kanuni ninayoifuata bila kuivunja ni kwamba kitu kilichotoka baharini huingia katika chungu kilicho baridi na kitupu. Vunja chaza na mawe kwa nyundo, panga chubwi katika chungu, ndipo uwashe moto mdogo na kurudi nyuma, ukiacha maji na mvuke vitoke taratibu kabla chochote hakijayeyuka. Usidondoshe kipande kama hicho katika risasi iliyokwisha kuyeyuka, hata kama umekipangusa na kinaonekana kikavu. Vivyo hivyo kwa upawa, kijiko cha kukwangulia na vipande vya akiba: vyote vipashwe moto ukingoni kwanza.

Tena nakushauri utenge vyungu viwili. Kimoja kikuukuu kiwe cha kusafishia takataka hizi, ambacho unaimimina risasi yake katika vibati vidogo vya chuma ili upate matofali safi; cha pili, kilicho kwenye meza yako mpya, kisione kitu isipokuwa matofali hayo. Mtu anayesafisha na kumimina katika chungu kimoja hawezi kupata moto unaotulia, kwa sababu kila anapoongeza takataka joto hushuka na uchafu hupanda.

Katika kusafisha, tia kipande cha mshumaa kisichozidi ncha ya kidole gumba, uso ukiwa mbali, uwashe moshi unaotoka ili uungue badala ya kukuzingira, kisha koroga ukikwangua pande na kitako. Risasi iliyogeuka utando itarudi kuwa risasi, na utakachokwangua baada ya hapo ni uchafu wa kweli.

Vyuma vya matairi vinahitaji kuchambuliwa kimoja kimoja, kwa kuwa siku hizi vingi si vya risasi bali ni vya zinki au chuma. Vingine vimepigwa chapa ya Zn au Fe, jambo linalorahisisha kazi. Visivyo na chapa vibane kwa koleo la kukatia: risasi huingia meno kwa urahisi, zinki hukataa. Kikikupita kimoja, joto litakuokoa, kwa kuwa zinki huyeyuka kwa nyuzi 419. Ukibaki chini ya 400 utaiona ikielea pamoja na vishikizo vya chuma, nawe utaiopoa kabla haijayeyuka. Zinki ikishaingia, risasi huwa nzito kama uji na haijazi tena kishimo cha waya, hata uiongezee moto vipi. Na betri usizifungue kamwe, hata ukipewa bure. Mabamba yake yana antimoni na wakati mwingine aseniki, ambazo huweza kutoa gesi za sumu, mbali na ile tindikali.

Chungu cha umeme ninakijua, kwa kuwa ndugu yangu mmoja aliletewa kimoja. Kina fimbo ndani inayoziba tundu la kitako. Ukiinua mkono wake risasi hutoka chini, safi, bila utando wa juu, moja kwa moja katika kalibu iliyowekwa chini ya mdomo. Kwa chubwi ndogo ni raha kubwa. Lakini vingi vimetengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120, nasi tuna 240, kwa hiyo bila transfoma au kile cha volti zetu utakiunguza siku ya kwanza. Nafasi iliyo chini ya mdomo pia ni fupi, na kalibu ya gramu 250 inaweza isiingie. Aidha, hudondoka tone tone uchafu ukikaa kwenye tundu. Kwa kazi yako ningebaki na upawa. Ukiamua kuagiza, agiza chungu peke yake. Kalibu za risasi za bunduki usiziguse, kwa maana hapa Kenya kutengeneza risasi za bunduki bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na hutapenda kumweleza ofisa wa forodha bandarini kwamba wewe ni mvuvi.

---

FundiWaMtongwe amejibu:

Nahodha amemaliza kila kitu, nami ninaafiki hasa hilo la vyungu viwili. Limesahauliwa jambo moja tu, nalo ni pa kuuweka ule unga wa kijivu. Chukua kopo la chuma lenye kifuniko, likae chini ya meza upande wa mkono unaokwangulia, ili kijiko kisivuke trei kikiwa na mzigo. Funika kila mara, andika juu yake ni kitu gani, na likijaa lipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye leseni, kwa maana wengine huununua kwa ajili ya risasi iliyobakia ndani. Usiumwage shimoni wala baharini, na usiuache kwenye mfuko wa plastiki ambao kuku watautoboa.

---

MshipiWaTudor ameandika:

Nimekuelewa, fundi. Nimekwisha kuongea na mchomeleaji wa Kongowea kuhusu chungu cha bomba na trei, na kimo nimekipima kama ulivyosema: ukingo wa chungu utakuja sentimita 96 kutoka ardhini. Makuti yataanza kushushwa kesho.